Upara wa Kichaka

Kofia ikatoka.

Nyinyi mliokaa na donge kooni juma zima mkingoja sehemu hii, limezeni sasa. Chini ya kofia ile hakukuwa na kidonda, wala alama ya rungu, wala lolote katika yale mliyobishania vibarazani. Kulikuwa na upara. Kichwa kizima kimepitiwa na wembe, kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Na kichwa hicho kilikuwa cha Kichaka! Mcheza sinema pekee katika mji ule ambaye watu walilipa kiingilio kutazama nywele zake.

Jicho, mpiga picha, aliacha kupangusa kioo cha kamera. Mama Mkasi, mke wa mwongozaji na dada yake Kichaka kwa baba na mama, alikuwa amekalia mikebe ya filamu akishona kifungo. Akajichoma sindano.

Mwongozaji mwenyewe, Mara Moja, alimzunguka shemeji yake polepole kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Nywele ziko wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Zinafanya nini kwa kinyozi?"

"Zilifagiliwa."

Kama umedandia hadithi hii leo, nitakueleza upesi. Mara Moja alikuwa mchoraji wa mabango katika kampuni kubwa ya sinema ya Bwana Cheni. Miaka nenda miaka rudi alipanda ngazi na ndoo ya rangi, akaandika majina ya watu wengine kwa herufi kubwa kama milango. Siku moja akashuka, akaacha ngazi pale pale ukutani, akasema atatengeneza filamu yake. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Filamu ile aliitengeneza katika uwanja wa seremala, kwa kamera moja ya kuzungusha kwa mkono na wachezaji ambao ni ndugu na mashemeji. Hakuwa na taa, kwa hiyo sebule ya tajiri aliijenga bila paa ili jua liingie. Mkanda wa filamu ulikuwa adimu, kwa hiyo kila kitendo alikipiga picha mara moja tu. Ukipiga chafya, chafya hiyo imeingia kwenye historia. Ndipo alipopata jina.

Alitaka kitu kimoja. Mwanzo wa filamu yaandikwe maneno "Imeongozwa na", na jina linalofuata liwe lake, na alichore yeye mwenyewe kwa brashi yake. Mwenye ukumbi alikubali kuionyesha, kwa sharti kwamba iwe kamili. Ikipungua mwisho, ukumbi unakwenda kwa Bwana Cheni, na Mara Moja anarudi kwenye ngazi.

Kilibaki kitendo kimoja. Kijana maskini, aliyekuja kumposa binti wa tajiri, ameshapigwa picha nje akigonga mlango, nywele zimesimama kama msitu baada ya mvua. Leo ilikuwa aingie ndani.

Sasa fikiri mwenyewe. Agonge ana msitu, aingie ana jangwa!

"Nani amekufanya hivi?" Mara Moja aliuliza.

Kichaka aliangalia viatu vyake. "Kampuni ya Bwana Cheni iliniita. Walisema nitacheza mfungwa, na jina langu litakuwa kubwa kuliko picha. Nilikuta kiti tayari, kinyozi tayari, wembe tayari. Nikanyolewa. Nilipoinuka wakaniambia mfungwa amekwisha patikana."

"Amepatikana nani?"

"Hawakusema. Walinipa kofia."

Mama Mkasi akakata uzi kwa meno. "Mama alituambia ulizaliwa kichwa mbele. Sasa najua kilichoumia ni nini."

"Dada, nisamehe."

"Msamaha hauoti nywele."

Mtu mwingine angemfukuza. Lakini shemeji humfukuzi, na ukimfukuza jioni utakula nini na nani? Mara Moja akavua shati, akabaki na fulana. Waliomjua walijua dalili hiyo. Hakuwa anavua ili apigane. Alikuwa anavua ili afikiri.

"Leteni godoro," akasema.

Walipasua godoro, wakatoa pamba, wakaipaka masizi ya jiko. Mama Mkasi akaishona juu ya kitambaa, wakamvisha Kichaka. Kwa mbali, tena ukiwa umefumba jicho moja, ilikuwa nywele.

"Jaribu kuingia," Mara Moja akamwambia. "Bila kamera."

Kichaka akaingia kwa madaha. Nimekwambia sebule ile haikuwa na paa. Upepo ukateremka kutoka juu kama umealikwa, ukazinyanyua nywele, ukaziweka kwenye mapaja ya Mjomba.

Mjomba huyu ni mjomba wa Mama Mkasi, aliyekubali kucheza tajiri. Katika filamu nzima hadi siku hiyo tajiri alikuwa ameonekana mkono tu, ukifunga dirisha, kwa sababu hapakuwa na suti ya kumvisha. Siku hiyo suti ilikuwa imeazimwa, na uso wake ungeonekana kwa mara ya kwanza. Akaziangalia zile nywele, akazishika kwa vidole viwili.

"Inang'ata?"

Wakazifunga upya kwa gundi. Jua likampata Kichaka. Jasho likaja na masizi, likashuka mashavuni mistari miwili myeusi hadi kwenye kola.

"Anaonekana kama amelia wino," Jicho akasema.

"Nyamaza, Jicho."

"Nimenyamaza. Lakini ndivyo anavyoonekana."

Hapo ndipo walipomsikia mtu anacheka mlangoni.

Alikuwa Bwana Cheni mwenyewe! Suti nyeusi, tai, na ile cheni ya saa iliyovuka tumbo kutoka mfuko hadi mfuko. Ameziba pua kwa leso, kana kwamba vumbi la maskini lina ugonjwa. Nyuma yake walisimama wanaume wenye nyundo na mitaimbo, na mbele yao nyapara mmoja mwenye kifua kama kabati.

"Fundi rangi," akasema, "kazi inaendeleaje?"

"Ilikuwa inaendelea vizuri kabla hujaingia."

"Uwanja huu nimeununua leo asubuhi. Muulize seremala. Nataka uwe mtupu."

Mara Moja akamtazama seremala, aliyekuwa amejificha nyuma ya mbao zake. Seremala akatazama mbao.

"Nipe muda nimalize kitendo kimoja."

"Kwa kichwa kile?" Bwana Cheni akamnyooshea Kichaka kidole, akacheka tena. "Usijitese, fundi rangi. Mimi si mtu mbaya. Nipe mikebe yote. Nitaimalizia mimi, nitaionyesha mimi, kwa jina langu. Wewe nitakurudishia kazi. Ngazi yako bado ipo pale ulipoiacha, hakuna aliyeisogeza."

"Na jina langu?"

"Jina lako? Nani analijua?"

"Mimi nalijua. Inatosha kuanzia."

Bwana Cheni akainua mabega. "Basi, nyapara. Bomoa." Akaenda kusimama kivulini, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Mjomba akainuka kutoka kwenye kiti cha tajiri upesi kuliko umri wake ulivyomruhusu. "Mimi nilikubali kucheza tajiri," akasema. "Sikukubali kucheza marehemu." Akapita dirishani na suti ya watu, na mpaka leo hajaeleza alipitaje.

Mama Mkasi alikuwa tayari anapakia mikebe ndani ya beseni. Machozi yalikuwa karibu, lakini alikuwa mwanamke wa kulia akimaliza kazi. Mumewe hakusogea. Alitazama nyundo. Akatazama upara. Akarudi kwenye nyundo.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye unayekata na kuunga. Niambie. Anagonga mlango, ana nywele. Halafu tunaweka kibao cha maandishi: AKAFUNGWA BURE. Tajiri amemsingizia wizi. Halafu?"

Mama Mkasi akaacha beseni.

"Halafu anatoka jela."

"Akiwa vipi?"

"Amenyolewa." Akaanza kutabasamu. "Jela hawamwachii mtu nywele. Anarudi kwenye nyumba ya tajiri..."

"Anarudi na nini?"

Wote wawili wakawageukia wale wanaume wenye nyundo.

"Anarudi na wenzake," Mama Mkasi akasema.

Kufa kufaana, ndugu zangu! Waliokuja kuivunja filamu ndio watakaoimalizia, tena kwa mshahara wa adui.

Mara Moja akamwendea nyapara kwa adabu zote. "Baba, karibu. Nakuomba kitu kimoja. Mwanzie ukuta wa kati, huo wenye maua. Na mkiwa kazini msiiangalie mashine hii."

"Hiyo ndiyo ya picha?"

"Ndiyo."

"Inatupiga sisi?"

"Inawapiga nyinyi."

Nyapara akafunga vifungo vya shati hadi shingoni. Akawageukia watu wake. "Vijana, jifuteni pua. Na mtu asiniaibishe. Piga nyundo kama unatazamwa na mama yako."

"Kichaka!" Mara Moja akaita. "Tupa hilo godoro. Zunguka nyuma ya ukuta. Ukianguka, unapita. Usikimbie. Umetoka jela, huna haraka tena na mtu yeyote duniani."

"Na tajiri je? Mjomba amekimbia!"

"Tutamtafuta baadaye. Jicho!"

"Nipo."

"Nyumba haibomolewi mara mbili."

"Najua."

"Zungusha!"

Mkono wa Jicho ukaanza. Nyundo zikashuka. Ukuta ule ulikuwa wa mbao na turubai, maua yake Mara Moja aliyachora kwa mikono yake, moja moja. Ulilia, ukapasuka katikati, ukalala kifudifudi. Vumbi likapanda hadi mahali ambapo paa lingekuwa. Na katika vumbi lile, jua likishuka moja kwa moja, kikatokea kichwa.

Nawaambieni, nywele hazijawahi kufanya kazi kama upara ule ulivyofanya. Mifupa ya uso ilionekana. Macho yalionekana. Yule kijana wa kuchekacheka alikuwa amekufa, na mahali pake palisimama mtu aliyedhulumiwa. Nyuma yake wanaume wenye nyundo, vifua mbele, wote wakijitahidi kutotazama mashine.

Kule kivulini, Bwana Cheni akaacha kutabasamu. Alikuwa mtu wa sinema, alijua anachokiona. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Simameni!" akapiga kelele. "Acheni! Msibomoe!"

"Bosi, ulisema tubomoe," nyapara akajibu, midomo haisogei, maana hakutaka kuharibu picha.

"Nasema msibomoe!"

"Ukuta ushaanguka, bosi. Hauanguki nusu."

Bwana Cheni akakimbia. Hakufikiri, alikimbia tu, leso mkononi, akaingia katikati ya sebule akitandaza mikono kuzuia ukuta wa pili. Mtu aliyenunua uwanja asubuhi ili auvunje, sasa anaukumbatia usivunjwe!

Mara Moja hakusema "acha". Jicho hakuacha kuzungusha.

Na Kichaka? Nimemtukana sana Kichaka katika hadithi hii, leo nampa haki yake. Alimwona mtu mwenye suti, tai na cheni amesimama katikati ya nyumba ya tajiri. Akaelewa. Akamwendea polepole, kama alivyoagizwa, akaishika ile cheni kwa mkono mmoja, akamvuta hadi pua zikakaribiana.

"Baba mkwe," akasema, "nimekuja kwa binti yako."

"Niachie, mwendawazimu wewe!"

Filamu zile hazikuwa na sauti. Mtazamaji angeona mdomo tu unavyotetemeka, na ulitetemeka vizuri. Bwana Cheni akarudi nyuma, kisigino kikakamatwa na mbao, akaangukia kwenye kiti cha tajiri na miguu juu. Kichaka akasimama mbele yake, upara unang'aa.

"Basi!" Mara Moja akasema.

Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Wabomoaji walirusha kofia. Seremala alitoka nyuma ya mbao zake akipiga makofi kama si yeye aliyeuza. Mjomba alichungulia kwenye dirisha lile lile, akauliza kama hatari imepita. Mama Mkasi akamkumbatia mdogo wake, akambusu juu ya upara, akamwambia, "Mjinga wangu." Nyapara alitaka kujua kama kitambi chake kimeonekana.

Mara Moja hakushangilia. Alikaa chini kwenye vumbi akivaa shati lake, anacheka peke yake.

"Mume wangu," Mama Mkasi akaita. "Njoo."

Sauti ile haikuwa ya sherehe.

"Nini tena?"

"Nimeiunga kichwani, kutoka mwanzo. Anagonga. Kibao. Anarudi, ukuta unaanguka, tajiri yule pale, anamkamata. Halafu tajiri anafanya nini?"

"Anatubu. Anamtoa binti. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani anatubu?"

"Si Mjomba..." Mara Moja akasita.

"Mjomba uso wake hauko kwenye filamu. Tajiri wetu ana uso sasa, na ni uso wa yule pale. Umempiga picha mara moja, na ndivyo alivyo. Hatuwezi kumwacha na miguu juu tukaandika MWISHO. Na hatuwezi kumbadilisha akawa mtu mwingine, ukumbi utatupigia miluzi." Akashusha sauti. "Filamu haina mwisho bila yeye."

Hili kosa, wasomaji wangu, hulifanya mtengeneza sinema tu. Amemtega adui yake akamnasa, kumbe kamba imemfunga na yeye mguuni.

Alishusha sauti, ndiyo, lakini si ya kutosha. Bwana Cheni alikuwa bado katika kile kiti. Watu walidhani amezimia kwa aibu. Hakuzimia. Alikuwa anasikiliza. Akashusha miguu, akapangusa suti, akanyoosha tai. Na badala ya kuinuka, akaegemea nyuma na kukunja nne.

"Mkeo ana akili," akasema. "Angekuwa kwangu angefika mbali. Basi, fundi rangi, unanihitaji."

Kelele zikafa moja baada ya nyingine.

"Nitacheza," Bwana Cheni akaendelea. "Nitatubu vizuri sana. Nitalia, ukitaka. Sitaki kitu kingine chochote. Nataka ubandike jina langu mwanzo. 'Imeongozwa na', halafu mimi. Na bango la nje utalichora wewe mwenyewe, kwa herufi zako nzuri."

"Na nikikataa?"

"Nainuka, naondoka, na filamu yako inakufa mdomo wazi. Ukumbi nimekwisha kuuomba."

Mjomba akaja na suti yake, akamshika Mara Moja mkono. "Mpe, baba. Jina ni nini? Hata mbwa ana jina. Watu wataiona kazi yako."

"Wataiona ya nani, Mjomba?"

"Sisi tutajua ni yako."

"Nilikuwa na mabango mji mzima," Mara Moja akasema, "nanyi mlijua ni yangu. Ilinisaidia nini?"

Mjomba akamwachia mkono. Kichaka alifungua kinywa, dada yake akamkanyaga mguu. Hakuna mwingine aliyetaka kumwambia kubali, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kataa.

Bwana Cheni alitoa saa yake, akaitazama, akairudisha. "Jua linashuka, fundi rangi."

"Jicho," Mara Moja akasema bila kumwangalia. "Ndani ya mashine imebaki filamu?"

"Kidogo. Kitendo kimoja, kama hakitakuwa kirefu."

"Hakitakuwa kirefu."

Akalivua tena lile shati. Akamwendea nyapara, akanyoosha mkono. Nyapara akamtazama usoni, akamtazama Bwana Cheni, kisha akampa nyundo kubwa kuliko zote.

"Mume wangu," Mama Mkasi akasema, "unataka kufanya nini?"

"Kuongoza."

"Unaongoza na nyundo?"

"Wewe andika kibao, mke wangu, uandike unachokiona."

Akaruka mbao zilizoanguka, akaingia sebuleni. Mtu huyu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kamera tangu siku ya kwanza ya filamu ile, alivuka akasimama mbele yake, fulana imemganda kwa jasho, nyundo begani.

Bwana Cheni alianza kuinuka.

"Kaa," Mara Moja akamwambia. "Umekaa vizuri hapo hapo."

Nyuma ya kiti, wabomoaji wakasogeleana bila kuambiwa na mtu. Lile tabasamu la Bwana Cheni likatafuta pa kwenda.

"Zungusha, Jicho."

Na Jicho, ambaye alikuwa na mke, watoto na woga kama mtu mwingine yeyote, akaweka mkono kwenye mashine, akazungusha. Nyundo ikapanda juu, juu ya kichwa cha tajiri, hadi ikalifunika jua. Ilipotua, mtasoma juma lijalo.